Vitabu Vitoke Kabatini

Katika shule nyingi za msingi nchini limo kabati la vitabu ambalo ufunguo wake haupatikani kwa urahisi. Ndani yake hadithi na tenzi zimepangwa kwa unadhifu, kila kitabu kina muhuri na namba, na juu ya vyote vumbi limetanda. Mgeni mashuhuri akifika, kabati hufunguliwa ili alione, akiondoka, hufungwa. Watoto ambao vitabu hivyo viliwekwa kwa ajili yao huvitazama kwa mbali, mfano wa mtu apitaye mbele ya duka siku chache kabla ya mshahara.

Haingekuwa haki kumtupia lawama mwalimu aliyekabidhiwa ufunguo huo. Mara nyingi yeye ni mwalimu wa darasa mwenye vipindi tele, aliyeongezewa maktaba mzigo juu ya mzigo, na siku ya makabidhiano huulizwa swali moja tu: vitabu vyote vipo? Kitabu kikipotea, atajibu yeye. Kitabu kisipofunguliwa miaka kumi, hapana atakayemwuliza. Mtu yeyote mwenye akili timamu akiwekewa masharti ya namna hiyo atafunga kabati. Kosa basi limo katika swali lenyewe, na swali hilo hutoka ngazi za juu.

Taifa hili lina ushahidi wake kuhusu jambo hili. Kampeni ya elimu ya watu wazima iliyopamba moto tangu mwaka 1970 ilishusha idadi ya wasiojua kusoma na kuandika hadi takriban asilimia 10 katikati ya miaka ya 1980. Waliosimamia kazi hiyo walitambua mapema kwamba aliyejifunza kusoma akakosa cha kusoma husahau. Ndiyo sababu zikaanzishwa maktaba za vijijini, na katika mikoa ya Ziwa likachapishwa gazeti la wasomaji wapya, Elimu Haina Mwisho. Lililokuwa kweli kwa mkulima wa makamo ni kweli zaidi kwa mtoto wa darasa la tatu.

Vitabu vya kuanzia havikukosekana kabisa. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa mwaka 1991, uliwatia moyo wachapishaji kwa kununua nakala za vitabu vya Kiswahili na kuzigawa mashuleni. Lakini kitabu kufika shuleni ni jambo moja, na kumfikia mtoto ni jambo jingine. Hapo ndipo inapoanza kazi ya mkutubi wa shule, na kazi hiyo yataka ubunifu kuliko fedha.

Mkutubi hodari husoma kwa sauti. Siku ya Ijumaa mchana atasoma kurasa nne za hadithi, na pale hasa ambapo Sungura ameingia mtegoni atafunga kitabu, ataje mahali kilipo, na kwenda zake. Jumatatu kitabu hicho kitagombewa. Aidha, badala ya kumdai kila aliyeazima muhtasari wa kusahihishwa kwa kalamu nyekundu, atabandika karatasi tupu nyuma ya jalada, na kila msomaji amwandikie mwenzake ajaye sentensi moja: kipi kilimchekesha, au nani alimwudhi. Wa pili atamjibu wa kwanza, wa tatu atawapinga wote wawili. Hayo ni maandishi ya kweli, kwa kuwa yana msomaji anayengojewa. Kinyume chake ni desturi mbaya ya kumwadhibu mtoto kwa kumwandikisha sentensi moja mara mia. Kalamu isigeuzwe fimbo.

Lakini njia iliyo bora kupita zote ni kuwafanya watoto waandike vitabu vya maktaba yao wenyewe. Wanafunzi wa darasa la tano watumwe kwa mabibi na mababu zao wakaulize kilima cha kijiji kilipataje jina lake, chumvi ilipatikanaje zamani, na mtego wa samaki husukwa vipi. Waandike, wasomeane, wasahihishane, wachore picha. Kisha karatasi zishonwe kwa uzi na kuvikwa jalada la manila. Kitabu hicho kigongwe muhuri, kipewe namba na kuingizwa katika leja sawasawa na kile kilichonunuliwa Dar es Salaam. Gharama yake ni karatasi, sindano na subira. Mtoto aliyeona jina lake juu ya jalada hatahitaji kubembelezwa arudi maktaba. Atarudi, tena ataleta wadogo zake. Hili si jambo geni: gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, liliwapa wasomaji nafasi ya barua na mashairi yao, na Shaaban Robert alikuwa mmoja wa waliopeleka tungo zao huko.

Yako madhara, nayo yasifichwe. Vitabu vikitoka vitachakaa, vingine vitanyeshewa, na baadhi ya kurasa bila shaka zitafungiwa maandazi. Gundi ya unga wa muhogo na uzi vitatengeneza vingi. Vilivyosalia vihesabiwe kuwa vimetumika, kama vile chaki inavyohesabiwa. Hakuna mwalimu aliyepata kutakiwa arudishe chaki.

Basi walimu wakuu hawana budi kumpunguzia vipindi mwalimu wa maktaba, ili mlango uwe wazi saa ambazo watoto wana nafasi. Maafisa elimu waweke kiwango cha upotevu kisichomtia mwalimu hatiani. Nao wathibiti ubora wa shule wafikapo, leja iwekwe mezani pamoja na daftari la kuazimisha, na hilo la pili lisomwe kwanza.