Maji yanayopita mu vioo vya gari yanakula mali yetu



Katika mikutano yetu tunabishana sana juu ya bei ya kahawa, juu ya mbegu, na juu ya nani atapewa gari kwanza siku ya mavuno. Lakini maji yanayoingia ndani ya ile gari, yakipita pembeni ya vioo, hakuna mtu anayeyaleta mkutanoni. Dereva anaingiza kitambaa pale yanapotonya, anaendelea na safari. Mvua ikikatika, wote tunasahau. Sisi tunaona kwamba jambo hili ni la koperative nzima, na si haki kumwachia dereva peke yake.

Koperative nyingi za kwetu Kivu zinatumia Toyota Land Cruiser ya zamani, ya ule muundo wa 70 ulioanza kutengenezwa mwaka 1984. Ni gari yenye nguvu, na barabara zetu tunazijua. Lakini mpira unaoshika vioo vyake hauna nguvu kama injini. Jua linaukausha, unakuwa mgumu, unapasuka kwenye pembe. Tena mashimo ya barabara yanatikisa bodi kila siku, mpaka mpira unaachana na chuma. Hapo mvua inapata njia.

Wengine wanasema: "Ni maji kidogo tu, haiuwi mutu." Basi tuhesabu pamoja yale maji kidogo yanaharibu nini.

Kahawa ya parche iliyokauka vizuri inabaki na unyevu wa 10 mpaka 12 kwa mia. Mahindi ya kuweka ghalani yasipite 13 kwa mia hivi. Mama amegeuza ile kahawa juani siku nyingi, ameikimbiza kila wingu lilipotokea. Kisha gunia linasimamishwa chini ya kioo kinachovuja, na kazi yote inaharibika katika safari moja. Mnunuzi akileta kipimo chake, hataki kusikia habari ya mvua ya njiani. Mahindi yaliyolowa yanashika ukungu, na kuna ukungu unaoleta sumu ya aflatoksini, ambayo hata kupika hakuimalizi. Mbegu zikilowa zinaota au zinaoza mule mule mu mufuko. Mbolea ya urea inakuwa mabonge. Na kitabu cha manunuzi kilichoachwa mbele ya dereva kikilowa, wino unafutika. Mkulima atathibitisha namna gani kilo zake?

Gari nayo inaumia. Maji yanalala chini ya tapi na kula sakafu polepole, bila mtu kuona. Yanashuka mpaka kwenye waya na fyuzi zilizo chini ya dashibodi, na siku moja taa zinakataa kuwaka usiku, katikati ya msitu. Mahali pabaya zaidi ni chuma kilicho chini ya mpira wa parabrizi. Kutu inaanzia pale pa kujificha. Ukiona rangi imevimba kando ya mpira, ujue ndani kazi imekwisha kuanza.

Dawa ambayo wengi wanakimbilia ni kupaka silikone juu ya mpira wa zamani. Sisi hatukubaliani nayo. Silikone ya bei ndogo, ile yenye harufu kali kama siki, ina asidi inayoongeza kutu juu ya chuma kilichokosa rangi. Tena inafunga mlango wa kutokea: maji yaliyokwisha kuingia yanabaki chini yake. Na siku fundi atakapotaka kupaka rangi, rangi haitashika vizuri mpaka aondoe mabaki yote. Tumelipa kidogo leo ili tulipe mengi kesho.

Kazi nzuri inaanza kwa kutafuta tundu lenyewe. Toeni tapi zote, kausheni ndani. Mtu mmoja aingie na tochi na chaki, mwingine abaki inje na bidoni ya maji. Amwage polepole, aanzie chini ya kioo, apande juu, kioo kimoja kimoja. Wa ndani akiona tone, atie alama. Msikimbilie kuhukumu kioo: maji yanayoonekana chini yanaweza kuwa yameingilia juu, kwenye bulo za chuma cha kubebea mizigo au kwenye mfereji wa paa.

Kwa milango, mara nyingi dawa haiombi hata franka moja. Maji kidogo kuingia ndani ya mlango ni kawaida. Yanapaswa kutoka kwa matundu madogo yaliyo chini yake. Udongo wa barabara unaziba yale matundu, mlango unajaa, na maji yanamwagikia miguuni. Zibueni kwa kijiti. Pia angalieni ile plastiki iliyo nyuma ya ubao wa ndani wa mlango. Fundi akiipasua wakati wa kutengeneza kioo na asiirudishe, maji yanaingia. Plastiki nzito na gundi nzuri vinatosha.

Kwa parabrizi na vioo vya pembeni visivyofunguka, mpira ukiwa umepasuka, dawa ni kuubadilisha. Fundi akate mpira wa zamani kwa kisu kuliko kusukuma kioo kwa nguvu, maana parabrizi inapasuka upesi. Kisha asugue kutu kwa brosi ya waya na msasa mpaka chuma kionekane safi, apake rangi ya kuzuia kutu, halafu rangi ya kawaida, na aiache ikauke sawasawa. Kama kutu imetoboa chuma, kwanza pachomelewe bati. Mpira mpya unavikwa kwenye kioo, kamba inazungushwa ndani ya mfereji wake, unapakwa maji ya sabuni. Mmoja anasukuma kioo toka inje, mwingine anavuta kamba toka ndani, na mdomo wa mpira unapanda juu ya chuma polepole. Mwishoni warudie kumwaga maji. Msilipe kazi kabla ya kuona sakafu kavu.

Tunajua jibu litakalotoka: "Gari imezeeka, tungojee wafadhili walete ingine." Ndugu, gari inayokuja mpya leo nayo ina mpira, na jua la kwetu litaukausha vilevile. Koperative isiyojifunza kutunza ya zamani itaharibu mpya, ila itachukua miaka mingi zaidi. Na mfadhili akija kutembelea, anaangalia pia namna tulivyotunza kile tulichopewa.

Wengine wanasema kwamba sanduku ya koperative ni tupu. Ni kweli, mara nyingi ni tupu. Lakini chukueni bei ya mpira mmoja pamoja na kazi ya fundi, mlinganishe na bei ya magunia yaliyokataliwa na mnunuzi msimu huu. Kila koperative ina hesabu yake, itoeni muone. Na siku sanduku haitoshi kwa mpira, bashi moja ya kufunika magunia na kijiti cha kuzibua milango havishindi mtu.

Wakati mzuri wa kazi hii ni kiangazi, toka mwezi wa sita mpaka wa nane, rangi inapokauka vizuri. Na ndiyo sababu uamuzi ungefaa kutoka mapema. Sheria ya OHADA juu ya koperative, ambayo inchi yetu inaifuata tangu 2012, inataka mkutano mkuu wa kila mwaka. Pale ndipo tunapitisha bajeti. Sisi tunaomba mambo matatu yaandikwe ndani yake. La kwanza, pesa ya kutunza gari iwe na mustari wake, isichanganywe na mafuta. La pili, dereva awe na daftari ya kuandika kila mahali panapovuja, na kamati iisome kila mwezi. La tatu, kila mwaka kabla ya mvua ya mwezi wa tisa, gari ijaribiwe kwa bidoni ya maji mbele ya wanamemba.

Jambo hilo la tatu ni la maana sana kwetu. Mama aliyeleta kilo zake thelathini ana haki ya kusimama kando ya gari siku hiyo na kuona kwa macho yake kama kahawa yake itafika kavu. Gari ni yake pia.