Mstari Ukiinama Haujapinda

Wasee, leo nina hasira za hesabu. Nivumilieni.

Mtoto wa shangazi yangu yuko gredi ya 1. Juzi alirudi na daftari, walikuwa wameambiwa wachore mistari mitatu iliyonyooka. Akachora mmoja umelala, mmoja umesimama, na wa tatu umeinama kama ngazi ya fundi wa rangi ikiegemea ukuta. Yote kwa rula. Huo wa tatu ukapigwa X nyekundu. Nikamuuliza kwa nini. "Haujanyooka, umelala vibaya." Na sikuhizi akichora nyumba, juu anaiweka bapa kama boksi, asije akakosea tena.

Hilo paa ndilo liliniuma.

Mwalimu simlaumu sana, madaftari ya darasa zima si mchezo. Lakini hapa kuna vitu viwili vinachanganywa. Kunyooka ni kutopinda njiani. Mstari umeelekea wapi, hilo ni swali lingine kabisa. Na sisi nyumbani tunazidisha: mtoto mtundu tunamwambia "nyooka!", kwa hivyo anajua kunyooka ni kukaa vile wakubwa wanataka.

Fundi wa mjengo hawezi kuchanganya hivyo. Simama karibu na mjengo wowote mtaani uangalie. Ana uzi wa kujua kama safu ya mawe imenyooka. Ana timazi ya kujua kama ukuta umesimama wima. Ana pimamaji ya kujua kama kitu kimelala sawa. Maswali matatu, vifaa vitatu. Halafu mbao za paa, zilizonyooka kabisa, anaziinamisha makusudi, la sivyo mvua ya Aprili ingelala juu ya mabati.

Basi nikatoa kamba ya kiatu. Nikashika huku, dogo akashika kule, tukavuta. Imenyooka? Eeh. Akalegeza. Na sasa? Imepinda, inaning'inia kama waya wa stima. Tukavuta tena, nikamwambia apande kwa kiti na asilegeze. Akaitazama weee. "Kumbe bado imenyooka!" Dakika mbili tu, na hatukununua chochote.

Kuna mtu atasema ni kitu kidogo. Mimi ni wa 8-4-4. Kidato cha 2 tuliletewa y = mx + c, mwalimu akasema "mstari ulionyooka" huku akichora kitu kinapanda kama mlima wa Ngong. Hiyo m yenyewe ni kipimo cha vile mstari umeinama! Nusu ya darasa tuliangaliana tu, na kuna mabeshte wangu waliamua siku hiyo kwamba hesabu si yao.

Jana dogo amechora nyumba, paa limepanda pande zote mbili. Anasema Jumatatu anabeba kamba akamwonyeshe mwalimu. Shangazi anaogopa ataonekana mjuaji. Mimi nimempa ile ndefu, ya buti.