Mashimo ya Wasirikwa yasifukiwe kimya kimya

Msafiri atokaye Eldoret kuelekea Iten au Moiben, akiwa na mazoea ya kutazama, huenda akaona mahali ambapo konde la mahindi limebonyea: duara pana kama chumba cha darasa, na kando yake kilima kifupi kilichoota nyasi. Hayo ndiyo mashimo ya Wasirikwa. Yametapakaa katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, tangu milima ya Cherang'any hadi Nakuru, na kusini hadi Sotik. Ni mabaki ya makao yaliyohamwa kitambo, na kila msimu wa kulima yanazidi kupungua.

Mulize mwanafunzi yeyote wa hapa Uasin Gishu mashimo hayo yalikuwa ya nini. Wengi watasema kwamba watu waliishi humo chini, wakajifunika kwa ngozi ili maadui wasiwaone. Si ajabu, kwa kuwa hata wasomi walipotea. Mwaka 1933 Mwingereza G. W. B. Huntingford, aliyewafahamu Wanandi kwa karibu, aliandika kwamba mashimo haya, pamoja na kuta za mawe na mifereji ya kale, ni masalio ya ustaarabu mmoja uliotoweka, akauita wa Azania. Wakati huo ilikuwa desturi kudhani kwamba kila kazi kubwa iliyoonekana katika Afrika ililetwa na wageni kutoka mbali.

Ukweli uliopatikana kwa jembe dogo na subira ni wa kawaida zaidi, na kwa maoni yetu unapendeza zaidi. Mary Leakey alichimba Hyrax Hill, karibu na Nakuru, mwaka 1937 na 1938. Merrick Posnansky akafuata huko Lanet katika miaka ya 1950. Kisha John Sutton, katika miaka ya 1960, akazunguka nyanda hizi zote, akachimba Chemagel karibu na Sotik na Muringa karibu na Iten, na mwaka 1973 akachapisha kitabu chake juu ya akiolojia ya nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Jibu lilikuwa katika kile kilima kidogo ambacho hakuna aliyekijali. Kilikuwa lundo la samadi, majivu, matope na vigae, uchafu uliozolewa kutoka ndani na kutupwa nje ya lango. Nani azoaye samadi kutoka chumbani mwake kila siku? Shimo lilikuwa zizi. Nyumba ilisimama kando yake juu ya ardhi, na mlango wake ulifunguka ndani ya zizi, hivi kwamba mgeni hangeweza kuwafikia watu bila kwanza kuwapita mifugo.

Zizi lilichimbwa kwenye mteremko, na lango likawekwa upande wa chini ili maji ya mvua yatoke. Palipokuwa na mwamba karibu, kuta zilijengwa kwa mawe. Lango lilikuwa jembamba, watu wachache wangeweza kulilinda usiku dhidi ya wezi wa ng'ombe. Zizi lilipochakaa, jingine lilichimbwa jirani, na ndiyo sababu tunayaona kwa makundi. Pale Hyrax Hill yako 13, lakini yasidhaniwe kuwa yalitumika yote kwa wakati mmoja. Maisha haya ya kufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo yaliendelea tangu karne ya 13 hivi hadi ya 18. Yaani wakati Gedi ilipokuwa ikijenga misikiti ya mawe huko pwani, hapa juu palikuwa na watu wenye makao, ufinyanzi wao na maziwa yao.

Kwa nini waliondoka? Simulizi za wazee huwataja Wamasai, na akiolojia haizipingi. Vita vya mifugo vilipokuwa vikubwa zaidi, zizi la shimoni halikutosha tena kuwa kinga. Lakini kuhama makao si kutoweka duniani. Ziko simulizi za waliokwenda kusini, na ziko koo za Wakalenjin na za Wamasai zinazojihesabu hadi leo kuwa za asili ya Wasirikwa. Jina la Uasin Gishu lenyewe ni la Wamasai waliotawala malisho haya baadaye, kabla ya wao pia kutawanywa na vita katika karne ya 19. Makaburu walipofika na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe mwaka 1908, uwanda ulipimwa na kugawanywa kwa nambari kana kwamba haujawahi kukaliwa, na mji wetu ukaota kwenye shamba nambari 64, ambalo wazee bado huliita Sisibo. Plau za walowezi zilipita juu ya mashimo mengi.

Hapa ndipo penye uzito. Katika jimbo hili swali la nani alitangulia halijawahi kuwa la darasani tu. Mwaka 1992, na tena mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, watu waliuawa na nyumba zikachomwa huku maneno ya nani mwenyeji na nani mgeni yakitumiwa kama kuni. Wapo watakaopenda kulifanya jina la Wasirikwa kuwa hati ya shamba. Mashimo hayasemi hivyo. Yanasema kwamba watu walifika, wakachanganyika, wakahama, na wengine wakabaki kwa majina mapya. Mwalimu anayelifundisha jambo hili kwa ushahidi anafanya kazi ambayo mikutano mingi ya amani haijaiweza.

Lakini ushahidi unaondoka. Mashamba makubwa yamekatwa vipande, Eldoret ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2024, na anayenunua robo ekari hataki bonde katikati yake. Hulifukia, na mawe ya ukuta huenda kwenye msingi wa nyumba. Hatumlaumu sana. Anachoogopa ni kwamba akilitaja shimo hilo serikalini atanyang'anywa ploti, na hakuna afisa aliyewahi kumweleza vinginevyo. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 ipo. Ni wajibu wa serikali ya kaunti kuieleza vijijini kwa lugha ya wananchi, na kumpunguzia ada mwenye shamba anayekubali kuliacha shimo lilivyo.

Waingereza walikitafiti kijiji chao kimoja kilichohamwa, Wharram Percy, kila mwaka tangu 1950 hadi 1990, na wanafunzi walikuwa miongoni mwa waliojitolea kufanya kazi hiyo. Sisi hukodi basi tukawapeleka watoto Gedi, ambayo mwaka 2024 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Ni safari njema. Ila njiani basi hilo huyapita mashimo ambayo hayajaandikwa popote.

Kinachohitajika si fedha nyingi. Mwalimu mmoja, utepe wa kupimia, dira na daftari. Wanafunzi waandike upana na kina, lango linaelekea wapi, lundo liko upande gani, kama kuna mawe, na wenyeji wanapaitaje. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine ipelekwe Makavazi ya Kitaifa. Wasichimbe, hata wakisukumwa na udadisi: kigae kilichotolewa ardhini bila kupimwa mahali pake hakina la kusema tena, na shimo likishachimbwa ovyo hakuna mtaalamu atakayeweza kulirudisha. Muhula wa kwanza ndio unaofaa kwa kazi hii, nyasi zikiwa fupi na kabla matrekta hayajaingia makondeni kuandaa upanzi wa Machi.