Meneja, Mwite Anayesemwa

Kambi nyingi za watalii huku Serengeti hufungwa Aprili na Mei, masika yakiharibu njia. Majungu huchachamaa Machi, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba orodha ya watakaoitwa tena Juni inaandaliwa.

Nilitunza stoo katika kambi moja upande wa Robanda. Nilikuwa na mwenzangu mcheshi, mwepesi wa kusaidia, asiyemaliza sentensi bila kukuita "mura". Akija kuchukua dizeli ya jenereta huanza: "Mura, tipu za wageni zinaishia wapi? Huyu bosi anatunyonya." Kisha ananyamaza, anakutazama usoni. Ukiitikia tu "ndiyo hivyo", jioni neno lako limefika ofisini limetiwa chumvi, na lake halimo.

Nikaacha kusikiliza maneno yake, nikatazama mwenendo. Sifa alizimwaga mbele za watu, lakini maombi aliyaleta tukiwa wawili tu. Kila aliyetajwa alimsema vibaya, na aliyetajwa akiingia alimkumbatia. Tena hakupenda kuandika: dizeli lita 20 leo, saini "tutaweka kesho", na kesho ukimkumbusha anakuwa mkali. Nikamwambia saini kwanza, dumu baadaye. Haikupita muda nikasikia kwamba nauza mafuta. Leja ikafunguliwa, kila lita ikaonekana ilikokwenda, nikapona.

Dada mmoja wa kufulia, mwenyeji wa Mugumu, hakupona. Alisemwa kwamba anawachochea wenzake wagome. Maneno hayana leja. Misimu yote ya nyuma alikuwa akiitwa. Juni ile simu haikuja, wala hakuulizwa lolote. Ana watoto wanaosoma. Hilo linaniuma hadi leo.

Mchonganishi nitamlaumu, lakini namlaumu zaidi meneja anayempa sikio mlango ukiwa umefungwa. Bila sikio hilo fitina haina soko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi, na kanuni za 2007 zinataka aelezwe tuhuma na apewe nafasi ya kujitetea. Wengi wetu wa msimu hatujui hata hili: kukataa kuhuisha mkataba ambao mfanyakazi alikuwa na sababu ya kutarajia kwamba utahuishwa, sheria inakuhesabu kuwa ni kumwachisha kazi. Anayelalamikia kuachishwa ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Dada yule alipoambiwa hayo, siku zilikuwa zimekwisha.

Sisi Wakurya tuna iritongo, mkutano ambako shauri husemwa jamii ikiwa imekaa. Mameneja wa kambi, wengi mmetoka mbali na hamjaliona hilo. Machi, kabla hamjakata jina la mtu, mwiteni yeye na aliyemsema, waketi chumba kimoja, msemaji arudie maneno yake mwenzake akisikia.