Kontra zenu, vidole vyetu



Kila mara serikali inapotaka kutuhesabu, inaita sosiete. Tunapanga foleni tangu asubuhi, tunaweka vidole ku mashine, tunapigwa picha, tunataja jina la baba, la mama, asili na avenyu. Kwa uchaguzi wa 2023 watu karibu milioni 44 waliandikishwa vile. Kiisha karte zikaanza kufutika mu mifuko ya watu, na wote wakalalamikia wino. Sisi tunauliza kingine: yale yaliyobaki ndani ya mashine, nani anayachunga?

Watatujibu kama orodha ya majina haiko siri ya jeshi. Ni kweli. Lakini huku Kivu, mtu mwenye silaha akijua jina lako, asili yako na nyumba yako, anahitaji siri gani ingine?

Marekani waliiona hiyo shida. Mu 2010 Rais Obama alisaini amri juu ya habari ambazo si siri ya serikali lakini hazipashwe kutembea ovyo. Sosiete inayozishika kwa kazi ya wizara yao ya ulinzi inapewa masharti 110: nani anaruhusiwa kufungua, alifungua saa ngapi, mashine inafungwa namna gani. Ikiibiwa, iko na saa 72 za kutoa ripoti. Ikimpa mwingine sehemu ya kazi, sheria inamfuata na huyo. Mu 2024 chuo kikuu cha Penn State kilikubali kulipa dola 1,250,000, bila kukiri kosa, juu kilishtakiwa kama hakikutimiza masharti hayo mu kontra zake. Hatusemi Marekani ni malaika. Hata na sheria hizo wanaibiwa, na zinalinda kwanza serikali yao. Lakini walau kule kontra inasema nani atajibu.

Na huku? Mu 2015 kontra ya paspoti ilipewa Semlex, sosiete ya Ubelgiji. Mu 2017 Reuters ilionyesha kama kwa dola 185 alizotoa raia, serikali ilibakia na 65. Kelele ilikuwa juu ya pesa, na ilikuwa haki. Lakini kontra inaisha, paspoti inaisha, kidole hakiishe. Ukiibiwa karte ya simu unanunua ingine ku kona ya barabara. Kidole utanunua wapi?

Msiseme sheria hakuna. Kanuni ya dijitali ilisainiwa tarehe 13 Machi 2023, na iko na sehemu nzima juu ya kulinda habari za watu. Sasa tuangalie kazi yenyewe. Baadhi yetu, wenye diplome na bila kazi, tumepata vibarua vya wiki mbili vya kuandika watu mu miradi. Hakuna aliyetusainisha karatasi ya kutunza siri. Orodha zilitumwa ku WhatsApp, ku simu ya kila mmoja. Kibarua kikaisha, tukalipwa kidogo, na hakuna aliyerudi kuuliza kama majina ya wale wamama yamefutwa.

Njo maana tunadai:

1. Kila kontra inayogusa habari za raia itangazwe, na ionyeshe zinawekwa wapi, nani anazifungua, na nani atalipa zikipotea.

2. Zikiibiwa, raia waambiwe mu saa 72, si kusikia ku barabara.

3. Kontra ikiisha, sosiete irudishe kila kitu na kufuta, mbele ya washahidi.

4. Kila kijana anayepewa kibarua cha kuandika watu afundishwe kwanza, asaini, na apewe mashine ya kazi. Simu yake ibaki yake.

5. Mbele ya kusaini kontra ingine ya karte ya raia, wabunge waisome hadharani.

Na wewe ndugu, siku watakuita tena ku foleni, uliza mwenye mashine: hii inabaki wapi, na kwa muda gani? Asipojua kujibu, andika siku na mahali, utuletee. Kuuliza si uasi.