Mtangazaji Anasingiziwa

Kwenye mabanda ya mpira ya Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, imani iliyokita mizizi kuliko zote ni kwamba mtangazaji wa mechi ana timu yake na anaibeba. Kuanzia Mkata hadi Mombo, Simba na Yanga zikikutana, mapumziko hayafiki kabla mtu hajatangaza kwa sauti kuwa "huyu ni Yanga huyu" au "huyu ni Msimbazi tangu zamani". Ushahidi huwa uleule: sauti ilipanda kwa goli la upande mmoja na kupoa kwa goli la upande wa pili, jina la mchezaji fulani lilirudiwa mno, penalti ilisemwa ni halali kabla ya marudio kuonyeshwa. Imani hiyo ni potofu. Ubaya wake si kuwaonea watangazaji tu, bali kufunika upendeleo mwingine, ulio wa kweli, unaoiumiza Tanga yenyewe.

Dalili ya kwanza ya upotofu huo iko wazi. Mtangazaji mmoja, katika mechi moja, hushtakiwa na pande zote mbili. Jambo hili limechunguzwa kitaalamu. Mwaka 1951 vyuo vya Princeton na Dartmouth vya Marekani vilicheza mechi ya mpira wa Kimarekani iliyojaa rafu, na wanafunzi wa pande zote wakaonyeshwa filamu ileile. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1954, wanafunzi wa Princeton waliona Dartmouth wakifanya makosa zaidi ya mara mbili ya yale waliyoyaona wanafunzi wa Dartmouth wenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwaonyesha wafuasi wa Israeli na wafuasi wa Waarabu taarifa zilezile za televisheni kuhusu vita vya Lebanoni. Kila kundi lilisema televisheni imependelea kundi la pili. Wote waliojibu walikuwa wakweli. Waliripoti walichokiona, na kuona kwenyewe kulikuwa kumekwisha kuegemea upande.

Mchezo wa kriketi, ambao Kenya ilifika nao nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, unatoa mfano mzito zaidi kwa sababu huko ubishi wa macho ulifikishwa mbele ya vipimo. Sheria ya kriketi humkataza mrushaji kuunyoosha mkono kwenye kiwiko wakati wa kuachia mpira. Kwa zaidi ya miaka mia hakimu wa jambo hilo alikuwa jicho la mwamuzi. Mjini Melbourne, tarehe 26 Desemba 1995, mwamuzi Darrell Hair alimkatalia Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka mipira kadhaa kwa kosa hilo, na dunia ya kriketi ikagawanyika kwa kufuata bendera. Warushaji wa kasi nao hawakusalimika. Shoaib Akhtar wa Pakistani, aliyerusha mpira kwa kilomita 161.3 kwa saa mwaka 2003, alituhumiwa, na Brett Lee wa Australia vilevile. Mashabiki wa kila nchi waliona kiwiko cha mgeni kikinyooka na cha mwenzao kikiwa safi.

Kamera za kasi kubwa zilipoletwa, ilibainika kwamba karibu kila mrushaji hunyoosha mkono kwa kiasi fulani, hata wale waliosifiwa miaka yote kwa mtindo wao usio na doa. Muralitharan, kwa upande wake, alizaliwa na kiwiko kisichonyooka kabisa, na ndicho kilichowadanganya wengi. Kuanzia Machi 2005 Baraza la Kimataifa la Kriketi liliweka kikomo cha nyuzi 15 kwa warushaji wote, wakati awali wale wa kasi waliruhusiwa nyuzi 10. Watu waliokuwa tayari kula kiapo juu ya walichokiona walikuwa wameona kisichoweza kupimwa kwa jicho.

Tanzania ina mfano wake, na bado unauma. Tarehe 5 Aprili 2024 mjini Pretoria, shuti la Stephane Aziz Ki wa Yanga liligonga mwamba, likadunda chini karibu na mstari wa goli la Mamelodi Sundowns, likarudi uwanjani. Mwamuzi hakutoa goli, VAR haikubadilisha uamuzi, na Yanga wakatolewa kwa matuta katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Picha ilikuwa moja nchi nzima. Hata hivyo wapo walioona mpira mzima umevuka, na wapo walioona haukuvuka, na mgawanyiko huo ulifuata kwa kiasi kikubwa rangi za jezi. Kama picha iliyosimamishwa kwenye skrini inasomwa hivyo, sauti ya mtangazaji inayopita kwa sekunde mbili haiwezi kusomwa kwa haki zaidi.

Kuna pia jinsi kazi yenyewe inavyofanyika, ambayo wanaotuhumu hawaijali. Sauti ya mtangazaji hufuata mpira. Unapokaribia boksi hupanda, unaporudi kwa mabeki hushuka. Timu inayomiliki mpira hutajwa zaidi, kwa hiyo inayoshambuliwa huonekana imesahaulika. Marudio huchaguliwa na mwongozaji wa matangazo aliye kwenye gari la mitambo, wala si mwenye kipaza sauti. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, msikilizaji hakuwa na picha, naye mtangazaji alilazimika kuijenga mechi yote kwa maneno, ukiwemo msisimko wake. Shauku ile ilirithiwa na televisheni. Kuiita unazi ni kuadhibu ustadi.

Upendeleo wa kweli uko kwingine, na shabiki wa Simba na shabiki wa Yanga wanaufaidi kwa pamoja. Nao ni upendeleo wa nani anafanywa kiini cha habari. Coastal Union, Wagosi wa Kaya, mabingwa wa Tanzania mwaka 1988, ndiyo klabu ya mkoa wa watu wa Handeni na Korogwe. Tarehe 2 Julai 2022 mjini Arusha, katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, Abdul Suleiman "Sopu" wa Coastal aliifunga Yanga magoli matatu peke yake, dhidi ya timu iliyokuwa imemaliza ligi bila kupoteza mechi. Matokeo yalikuwa 3-3, na Yanga wakashinda kwa penalti. Kuifunga Yanga ile magoli matatu katika fainali ni kazi ya kusimuliwa vizazi, lakini siku ile inakumbukwa hasa kama siku Yanga walipokamilisha makombe ya msimu wao. Msimu wa 2023/24 Coastal walishika nafasi ya nne na kupata tiketi ya mashindano ya Afrika, na hata hapo kurasa za mbele za magazeti ya michezo zilibaki mali ya Msimbazi na Jangwani, yaani Simba na Yanga.

Mizizi ya upendeleo huu haiko kooni kwa mtu. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na fedha za namna hiyo hurudi kupitia watazamaji, ambao wengi wao ni wa klabu mbili. Azam Media na Azam FC zimo pia katika kundi moja la kampuni za Bakhresa. Hilo si uthibitisho wa hila yoyote. Ni jambo la wazi linalostahili kuulizwa na shabiki mwenye uchungu na haki, kuliko kuhoji mtangazaji alizaliwa mtaa gani.

Maswali yenye uzito yanaweza kuhesabiwa bila kubishana juu ya sauti. Coastal wanapocheza na Simba kwenye uwanja wao wa Mkwakwani, uchambuzi wa mapumziko unatumia dakika ngapi kwa kila timu? Kocha wa Coastal anahojiwa kwa muda gani kabla ya mechi? Wachezaji wake wanatajwa kwa majina, au wanaitwa tu wapinzani? Yeyote mwenye kalamu na saa anaweza kupata majibu hayo kwa mechi moja, akiwa amekaa kwenye benchi la banda la Handeni au Korogwe.