Kabla hujaambiwa kioo kimekufa

Kuna sentensi inanikera kuliko zote mjini hapa: "Kioo kimekufa, kaka, tafuta TV nyingine." Inatamkwa upesi, mara nyingi kabla hata mfuniko wa nyuma haujafunguliwa. Na wanaoikubali haraka ni wasomi, watu wenye digrii kabatini, ambao wangebishana na waziri lakini hawabishani na mwenye bisibisi.

Wadau, twendeni Mbagala, kwenye vibanda vya gemu. Zile mashine kubwa za kusimama, za kutumbukiza sarafu, Marekani na Japani zilivuma kwenye enzi za Space Invaders (1978) na Pac-Man (1980). Wakati huo Tanzania Bara haikuwa hata na kituo cha televisheni. Tulisubiri mpaka 1994. (Zanzibar walikuwa na yao ya rangi tangu miaka ya sabini, na hawachoki kutukumbusha.) Kwa hiyo gemu ya kulipia ilipofika uswahilini ilikuja kwa sura yetu: banda la bati, benchi, PlayStation ya mtumba na TV ya chogo. Joto, vumbi, umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Skrini ikizima, mwenye banda hana biashara siku hiyo.

Hapo ndipo unapomjua fundi wa kweli. Fundi wa kweli haanzi na bisibisi, anaanza na macho na maswali. Picha imekuwa mstari mmoja mweupe uliolala katikati? Basi kioo kizima, na umeme mkubwa wa kukiwasha upo. Ugonjwa uko kwenye saketi inayoitandaza picha juu na chini: aisii yake, kapasita iliyokauka, au lehemu iliyopasuka kwa joto la miaka. Sauti ipo lakini kioo kiza kabisa? Hiyo ni safari nyingine: anaangalia shingo ya kioo kama inawaka, kisha volti zinazotoka kwenye flaibaki. Kuna madoa ya kijani na zambarau pembeni? Kabla ya yote atamuuliza mwenye banda spika kaiweka wapi, maana sumaku ya spika inatosha kuvuruga rangi.

Halafu kuna ile ninayoipenda mimi. Gemu inaonyesha nyeusi na nyeupe, au picha inabiringika haitulii. Nimeona TV ikichokonolewa mchana kutwa kwa sababu hiyo, na TV haikuwa na kosa. Sisi tunatumia mfumo wa rangi wa PAL. Mashine ya mtumba iliyotoka Japani au Marekani inatoa NTSC. TV isiyojua NTSC itafanyaje? Fundi anayejua anaunganisha deki ya kawaida kwenye waya uleule, rangi inatoka, anafunga begi lake.

Sasa swali langu: huyu aliyefunga begi lake bila kubadilisha kitu, tunamlipa nini?

Hatumlipi. Tunasema "si hujafanya kitu." Fundi mmoja wa Kizuiani aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mdogo wangu, watu wananilipa kapasita, kichwa hawanilipi." Ndiyo maana nasema "kioo kimekufa" tumeitengeneza wenyewe. Ukimnyima mtu hela ya kuutafuta ugonjwa, utamlazimisha akuuzie kifaa, unakihitaji au hukihitaji.

Kuna hatari nyingine hapo. Fundi asiyelipwa kwa muda wake anaharakisha, na kufungua mfuniko anamwachia dogo, mtoto aliyemaliza darasa la saba juzi. Chogo la rangi linatumia volti elfu 20 na zaidi, na kioo kinaweza kubaki na chaji hata plagi ikichomolewa. Dogo anaona bosi wake anapitisha waya chini ya kile kifuniko cha mpira kabla ya kugusa, naye anaiga. Kwa nini waya huo uunganishwe kwanza kwenye ardhi ya kioo? Hajaambiwa. VETA wana utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mtaani, na chuo chao cha Chang'ombe kiko humuhumu Temeke. Ni jambo zuri sana. Ningependa tu fundi apimwe pia kwa kile anachojua dogo wake.

Utaniambia chogo zimepitwa na wakati. Kweli, viwanda vikubwa viliacha kuzitengeneza siku nyingi, ingawa hata analojia ilipozimwa Dar usiku wa 31 Desemba 2012, watu walichomeka ving'amuzi wakaendelea nazo. Lakini hebu chukua flati yako leo, ina sauti, kioo giza. Zima taa za chumba, mulika kioo na tochi ya simu kwa karibu, kwa mshazari. Ukiona picha kwa mbali, kioo hakijafa. Kilichokufa ni taa za nyuma au umeme unaozilisha, na vyote viwili vinatengenezeka. Kikiwa kimepasuka, hapo sawa, maana kioo kipya mara nyingi kinakaribia bei ya TV nzima. Jaribio hilo halihitaji hata bisibisi, na bado flati zenye vioo vizima zinauzwa kama vyuma chakavu kila wiki.

Kwa hiyo fundi akikwambia anatoza hela ya kuangalia tu, atengeneze asitengeneze, usinune. Kumwona daktari unalipia, hata akikwambia huna malaria. Mpe hela yake, kisha mwombe akuonyeshe amejuaje.